Daktari kaniambia nile mikunde, gesi inataka kunifukuzisha kazi. Waliozoea mnafanyaje?

Kinyerezi Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Sukari yangu imepimwa iko mpakani, lehemu (kolesteroli) nayo imepanda. Daktari hajanipa dawa, kanipa masharti: nyama nyekundu mara moja moja, wali na chapati nipunguze, mikunde iongezeke, na nitembee. Nikasema hili dogo, maharage si nimeyala bweni miaka yote ya sekondari. Mama watoto akachangamka, jikoni pakageuka siku hiyohiyo: maharage mchana, maharage usiku, asubuhi kiazi kitamu na rojo la jana.

Sasa tumbo ndilo limegoma. Linajaa mpaka nalegeza mkanda. Kwenye daladala linaunguruma hadi jirani anageuka kunitazama. Ofisini tuko wanne, kiyoyozi kinawaka kutwa, madirisha hayafunguki. Juzi kwenye kikao nilijibana mpaka jasho likanitoka, bosi akadhani nina homa. Usiku mama watoto anafungua dirisha hata mvua ikinyesha, halafu anasema eti ni joto.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kuna watu matumbo yao hayapatani na mikunde kabisa, au ni upishi? Ipi ina nafuu? Sisi tunanunua maharage ya njano sokoni. Na magadi, ni kweli yanaondoa gesi? Bibi yangu alikuwa anaweka, daktari nikasahau kumuuliza.

Tunapikia mkaa, tunabandika yakiwa makavu hivyohivyo, yakiiva yanaungwa.

Natanguliza shukrani. Wa kunicheka nao karibuni, ila mkicheka muache na ushauri.

Kipepeo wa Mburahati

Nimekaa karibu na dirisha. Endeleeni.

Mkwawa Mdogo

Pole mkuu. Ila hapo kwa mama watoto na "joto" nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi, watu wananishangaa.

Mama Lishe Chuda

Baba, tatizo lako umeliandika mwenyewe mwishoni: "tunabandika yakiwa makavu hivyohivyo." Hapo mnakula gesi yote na chenji yake.

Mimi maharage ndiyo biashara yangu, wateja wangu ni madereva wa malori. Mtu anakaa kwenye usukani kutwa, ukimlisha kitu cha kumjaza gesi kesho anapaki kwa jirani. Kwa hiyo sikisii.

Usiku nayachambua kwenye ungo. Mawe, yaliyobunguliwa, yaliyosinyaa, yote pembeni. Naosha, naloweka kwenye ndoo, maji yazidi maharage mara tatu, na kijiko cha chumvi humo. Joto la Tanga likiwa kali nabadilisha maji kabla sijalala, maana yakikaa usiku kucha bila kubadilishwa yanaanza kuchacha. Alfajiri unayakuta yamenenepa, ganda limenyooka halina makunyanzi, juu kuna vipovu na maji yamekuwa ya kahawia. Hayo maji mwaga. Usiyaonee huruma. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Bandika na maji mapya, moto mkali. Yakishatokota vizuri kama dakika kumi na povu limepanda, epua, mwaga tena, weka maji ya moto kutoka kwenye birika. Nasema ya moto, ukiweka ya bomba unalianzisha jiko upya na mkaa unaisha bure. Hapo sasa funika, mpe muda wake.

Nyanya na ndimu visiingie mpaka yameiva kabisa, uchachu unayakaza. Kujua yameiva chukua moja, libonyeze kwa ulimi kwenye kaakaa. Likisagika lote hadi kiini, unga. Likibakiza chembe ngumu katikati, ongeza moto, na ukiamua kulila hivyohivyo usije kunilaumu usiku.

Halafu muulize muuzaji ni ya msimu gani. Maharage yaliyolala stoo muda mrefu kwenye joto na unyevu hayaivi, hata uyachemshe kutwa nzima.

Ngosha Asilia

Maji ya kuloweka unamwaga? Mama, si unamwaga vitamini zote hapo?

Mama Lishe Chuda

Mwanangu, hizo vitamini zije na dereva aliyekimbia.

Afisa Lishe wa Kata

Mama Lishe kanimalizia nusu ya kazi. Acha niseme kwa nini anachofanya kinafanya kazi.

Mikunde ina sukari za aina yake, kubwa ni rafinozi na stakiozi. Ili zivunjwe kinahitajika kimeng'enya kinachoitwa alfa-galaktosidazi, na utumbo wa binadamu hauna hicho. Siyo wako peke yako, wa kila mtu humu, hata anayecheka. Sukari hizo zinapita utumbo mwembamba nzima nzima. Zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua na kutoa hidrojeni, kaboni dioksidi, na kwa baadhi ya watu methani. Gesi hizo tatu hazina harufu. Harufu inatokana na kiasi kidogo sana cha gesi zenye salfa.

Habari njema ni kwamba sukari hizo zinayeyuka kwenye maji. Ukiloweka na kumwaga haziishi zote, ila zinapungua. Ngosha, ni kweli baadhi ya vitamini na madini vinaondoka na maji, lakini kinachobaki ni kingi. Gramu 100 za maharage yaliyoiva bado zina protini kama gramu 8 au 9, na nyuzinyuzi kama gramu 6.

Sasa kwa mwanzisha uzi. Daktari wako yuko sahihi. Wanga wa mikunde unapandisha sukari ya damu polepole, na utafiti umeonyesha hata mlo unaofuata baada ya mikunde sukari hupanda kidogo kuliko kawaida. Nyuzinyuzi zake zinasaidia kushusha lehemu. Na bakteria wanaokusumbua hao, wakati wanachachua wanatengeneza asidi fupi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo mpana. Gesi ni moshi tu wa jiko hilo.

Tatizo ni mwendo. Umetoka kwenye nyama ukaingia mikunde milo miwili hadi mitatu kwa siku. Rudi kwenye nusu kikombe cha mikunde iliyoiva, mlo mmoja, siku moja moja. Tumbo likitulia ongeza. Bakteria wenyewe wanabadilika kufuata unachokula, wape wiki kadhaa.

Mwaka 2011 jarida la Nutrition Journal lilichapisha matokeo ya watu waliolishwa nusu kikombe cha mikunde kila siku kwa wiki kadhaa. Wiki ya kwanza waliosema gesi imeongezeka hawakufika nusu ya waliokula maharage. Kwa waliokula kunde walikuwa asilimia 19 tu. Na kadiri wiki zilivyosogea, wengi wa waliolalamika waliacha kulalamika. Kwa hiyo swali lako la pili lina jibu: anza na kunde.

Na pia, kutoa hewa mara kumi na kitu hadi 20 kwa siku ni kawaida ya mtu mzima mwenye afya. Wengi hawahesabu tu.

Niambie kitu kimoja: hayo maharage mnakula na nini, na unakunywa nini?

Kipepeo wa Mburahati

Mara 20? Kumbe mimi niko chini ya kiwango. Ngoja nikajitahidi.

Kinyerezi Juu

Mama Lishe, Mungu akubariki, leo usiku yanalowekwa.

Afisa Lishe: ugali wa dona au wali kidogo, mboga mara nyingi ni kabichi kwa sababu inakaa kwenye friji wiki nzima. Soda nimeacha, nakunywa maji yenye gesi ya chupa. Na kabla ya kulala glasi ya maziwa freshi.

Afisa Lishe wa Kata

Ehe. Sasa tunaongea.

Kabichi ina rafinozi ileile. Maharage na kabichi kwenye sahani moja unawapelekea bakteria mzigo mara mbili. Hamia mchicha, matembele, kisamvu, mnafu. Kabichi utairudia baadaye, haijakukosea.

Maji yenye gesi jina lake linajieleza.

Maziwa ndiyo nayatilia shaka zaidi. Watu wazima wengi duniani, hasa wasiotoka kwenye jamii za wafugaji, miili yao imeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Inaishia kulekule kwenye utumbo mpana. Acha maziwa freshi wiki mbili uone. Ukiyahamu, mtindi au mgando tumbo huvumilia zaidi.

Lingine ni hesabu ya saa. Mikunde inafika utumbo mpana baada ya saa nne, tano, sita hivi. Ukila saa saba mchana, shughuli inaanza saa kumi na moja jioni, uko njiani au nyumbani. Ukila saa tatu usiku, shughuli ni usiku wa manane. Na hilo rojo la jana la saa moja asubuhi ndilo linalokukuta kwenye kikao cha mchana. Kwa sasa mikunde iwe chakula cha mchana peke yake, na baada ya kula tembea hata robo saa, hewa isogee.

Ngosha Asilia

Mnamzungusha bure mwenzenu. Magadi. Kipande kidogo kwenye sufuria, maharage yanaiva fasta, mkaa unabaki, gesi kwisha. Sisi tumekulia magadi na hakuna aliyekufa.

Meru Kando

Ngosha kaka, hakuna aliyekufa ila njoo Arumeru uangalie meno. Huku maji yenyewe yana floraidi, juu yake mama zetu wakatupikia makande kwa magadi yanayotoka pande za Ziwa Natron, ambayo nayo yana floraidi. Mimi nikicheka nafunika mdomo. Ukikutana na mtu mwenye meno ya kahawia usidhani ni mvivu wa kupiga mswaki.

Afisa Lishe wa Kata

Meru Kando kasema la kwanza. La pili, magadi yanalainisha maharage kweli, maana yanayeyusha kile kinachoshikanisha seli za ganda na nyama yake. Lakini yanaharibu vitamini B1 wakati wa kupika, na yanaongeza sodiamu, kitu ambacho mwenye presha hakitaki. La tatu, kuiva haraka siyo sawa na kupungua gesi. Kinachopunguza ni maji yanayomwagwa.

Anayeona hawezi kabisa, atie chembe ndogo ya magadi ya dukani, yale ya kupikia maandazi, kwenye maji ya kuloweka, amwage, asuuze sana, kisha apike bila magadi. Hapo sitagombana naye.

Ngosha Asilia

Kwenye kuloweka nakubali. Kwa mambo ya mkaa bado nasimama palepale.

Mama Lishe Chuda

Mkaa ukikuuma nunua presha kuka. Yaliyolowekwa yanaiva dakika 20 tangu ianze kupiga filimbi, kidogo kupungua au kuzidi kulingana na aina.

Githeri Bila Nyama

Salamu kutoka Nakuru. Mimi sili nyama tangu zamani, kwa hivyo hii vita naijua.

Kwa cheo, tumbo langu linapanga hivi: ndengu (nyinyi mnaita choroko) na kamande ziko juu kabisa, hazisumbui. Kunde inafuata. Kisha maharagwe ya kawaida, rosecoco na wairimu, ukiloweka. Mwisho kabisa njahi. Njahi ni tamu, mama aliyejifungua kwetu lazima apikiwe, lakini usiile siku una mahojiano ya kazi.

Kuna mbegu ya maharagwe ya Nyota iliyotolewa na KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo, inaiva haraka na ina madini ya chuma na zinki kwa wingi. Wauzaji sokoni wanaisifu kwamba haina gesi sana. Mimi naiona afadhali, lakini nailoweka vilevile.

Na githeri: mahindi na maharagwe usiyachemshe pamoja kutoka mwanzo. Mahindi yanachukua muda wake. Chemsha maharagwe kando, mwaga maji yake, ndipo uchanganye. Wengi wanaogopa githeri kumbe wanaogopa yale maji.

Bibi wa Kibokoni

Mwanangu Kinyerezi, pole sana. Sisi huku Mombasa tumekula mbaazi na mahamri asubuhi tangu tuzaliwe na tukaenda kazini.

Mbaazi zikeshe majini. Ukiziinjika, tia kipande cha tangawizi kilichopondwa na binzari nyembamba kijiko cha chai. Zikiwiva ndipo utie tui. Wahindi wao dengu zao huzitia mvuje, chembe ndogo tu kama ya mtama, waikaanga kwa mafuta kwanza. Yanuka mbichi, wallahi mtu atakimbia nyumba, lakini ikishakaangwa yageuka harufu ya kitunguu na tumbo latulia. Wazee wetu mvuje waliufunga watoto shingoni kwa mambo mengine, hayo tuyaache.

Afisa Lishe wa Kata

Shikamoo Bibi. Tangawizi, binzari nyembamba na mvuje ni vya zamani sana kwenye mapishi ya mikunde, na wengi wanaona nafuu. Haviondoi zile sukari, ila vinaweza kulituliza tumbo. Vijaribu bila woga.

Kinyerezi, wewe lehemu yako iko juu, kwa hiyo tui liwe jepesi na la kupima. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha lehemu.

Na nimekumbuka jambo ambalo watu hawalitegemei. Kitunguu maji na kitunguu saumu navyo vina sukari inayochachuka, inaitwa fruktani. Wapo wanaolaumu maharage kumbe wameyaunga kwa vitunguu vitatu na kichwa kizima cha saumu. Punguza vitunguu kwa muda, ongeza karoti, hoho, giligilani.

Bibi wa Kibokoni

Marhaba mwanangu. Tui jepesi si tui, lakini mgonjwa hana budi.

Mzee wa Sumbawanga

Vijana, mimi nina vidonda vya tumbo, nimeambiwa maharage ndiyo yaliyonipa. Nimeacha kabisa. Ni kweli?

Afisa Lishe wa Kata

Shikamoo mzee. Vidonda vingi vinasababishwa na bakteria anayeitwa H. pylori, au kutumia dawa za maumivu mfululizo, kama diklofenaki na ibuprofeni. Maharage hayavianzishi. Yanaweza kukujaza tumbo likauma, ukadhani ni kidonda. Kama hujapimwa H. pylori, pima, dawa yake ipo na mtu anapona.

Na hili ni la wote: gesi peke yake haina hatari. Lakini gesi pamoja na damu kwenye choo, choo cheusi, kukonda bila sababu, homa, kutapika mara kwa mara, kuharisha kusikoisha, au maumivu yanayokuamsha usingizini, huo siyo uzi wa maharage tena. Nenda hospitali. Wenye ugonjwa wa figo nao wasijiongezee mikunde bila kuongea na daktari wao, kwa sababu ya potasiamu na fosforasi.

Mzee wa Sumbawanga

Marhaba. Nitapima.

Mkwawa Mdogo

Na gauti? Mjomba wangu kakatazwa maharage, nyama na bia. Bia kagoma.

Afisa Lishe wa Kata

Hahaha. Mjomba kaacha kilichokuwa na afadhali. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, uliona nyama na vyakula vya baharini vinahusiana na gauti, lakini mboga zenye purini nyingi (kitu ambacho mwilini hugeuka asidi ya yuriki, chanzo cha gauti), maharage yakiwemo, hazikuhusiana. Bia nayo inajulikana. Akiwa anaumwa sasa hivi amsikilize daktari wake, lakini kwa ujumla maharage yanaonewa.

Mbeba Boksi Minnesota

Nawasoma kutoka huku kwenye theluji. Mambo mawili.

Moja, huku wanauza kile kimeng'enya alichosema Afisa Lishe. Kimojawapo kinaitwa Beano, kinatengenezwa kwa ukungu unaoitwa Aspergillus niger. Unakitafuna pamoja na tonge la kwanza, ukikumbuka baada ya kushiba umechelewa. Kinasaidia, siyo muujiza. Kinavunja zile sukari kuwa sukari ndogo ambazo mwili unazinyonya, kwa hiyo mwenye kisukari aulize kwanza.

Mbili, na hili ni zito. Kuna jamaa zangu hapa walipika maharage mekundu kwenye ile sufuria ya umeme inayopika polepole kutwa nzima ukiwa kazini. Hawakuyachemsha kwanza. Walikula, baada ya kama saa mbili nyumba nzima ikawa inapokezana choo kwa kutapika. Walidhani wamerogwa na mpangaji aliyehama.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inaitwa fitohemaglutinini. Punje nne tano mbichi zinatosha kukulaza. Inakufa kwa maji yanayotokota hasa: loweka saa tano au zaidi, mwaga, chemsha kwa nguvu. Dakika kumi ndiyo kiwango cha chini, idara ya chakula na dawa ya Marekani inasema 30 kwa usalama. Sufuria ya polepole haifiki joto hilo, na moto mdogo unaweza kuifanya sumu iwe kali zaidi. Maharage ya kopo hayana tatizo, yameshapikwa. Yamwage kwenye chujio uyasuuze, chumvi na sukari za gesi zinaondoka na yale maji mazito.

Mama Lishe Chuda

Ndiyo maana nasema libonyeze kwa ulimi! Chembe ngumu katikati maana yake moto haujafika.

Kipepeo wa Mburahati

Uzi ulianza na ushuzi sasa umekuwa chuo kikuu. Naomba cheti.

Kinyerezi Juu

Wakuu, nimekuja na mrejesho kama nilivyowaahidi wale walionifuata inboksi.

Tulianza na kunde na choroko kama mlivyosema, bakuli dogo la mchana, siku moja moja. Maziwa freshi niliyaacha, na kusema kweli hiyo peke yake ilipunguza nusu ya kelele. Kabichi imepumzishwa. Mama watoto sasa ndiye msimamizi wa ndoo, ikifika saa tatu usiku utamsikia anachambua huku anaangalia tamthilia. Anasema maji ya kahawia yakimwagwa anaona raha kabisa.

Baadaye tukarudisha maharage ya njano, yaliyolowekwa na kumwagwa mara mbili. Kuna gesi, sitadanganya, lakini ni ya mtu wa kawaida. Ofisini naweza kukaa kikao chote nikachangia hoja.

Mbaazi ndizo zimenishinda mpaka sasa. Bibi wa Kibokoni nisamehe, nilifanya yote, tangawizi na binzari, bado zinanisumbua.

Swali: mbaazi nikizikoboa ganda itasaidia? Na kuotesha, nimesoma mahali kwamba choroko zilizooteshwa hazina gesi. Kuna aliyefanya?

Bibi wa Kibokoni

Nimekusamehe. Punguza ukubwa wa bakuli, na usile na mahamri manne. Mahamri nayo hujaza tumbo, wala hayasemwi.

Afisa Lishe wa Kata

Zile sukari nyingi ziko kwenye nyama ya mbegu, siyo ganda. Kukoboa kunapunguza nyuzinyuzi, kwa hiyo tumbo linapata wepesi, lakini na faida uliyotumwa na daktari inapungua. Zikoboe kama hatua ya mpito.

Kuotesha ndiyo dawa hasa. Mbegu ikianza kuota inazitumia yenyewe rafinozi na stakiozi kama chakula chake. Zinashuka sana, kuliko kuloweka peke yake. Vitamini C inaongezeka pia, na hiyo inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo. Ndiyo maana chai ya rangi juu ya maharage siipendi, inazuia chuma hicho. Subiri saa moja au mbili kabla ya chai.

Mama Makete

Nimefuatilia kimya, sasa naingia. Choroko naotesha, ila huku kwetu baridi, zinachelewa mpaka zinanuka. Mnafanyaje?

Mama Lishe Chuda

Dada, loweka usiku mmoja, mwaga, weka kwenye kitambaa safi chenye unyevu ndani ya bakuli, funika, weka gizani. Suuza asubuhi na jioni, na ukishasuuza yachuruze maji yote, yakituama ndiyo yanaozesha. Huku Tanga kesho yake mkia umetoka. Kwenu Makete usiweke dirishani, weka bakuli kwenye kona ya jikoni karibu na jiko lililopikiwa, siyo juu yake. Mkia ukifika nusu sentimita unatosha, usingoje majani, zitakuwa chungu.

Zipike, usile mbichi, maana joto na unyevu wa kuoteshea hata vijidudu wanaupenda. Zinaiva chapchap, hazitaki mkaa mwingi, Ngosha atafurahi. Zikinuka uchachu au zikiteleza kwenye vidole, hizo ni za kuku.